Kurithi Huja Mwisho



Siku ya kuvunja matanga, maturubai yakishakunjwa na masufuria ya majirani yakirudi kwa wenyewe, wazee wa ukoo huketi na kuuliza: "Haya, nani atarithi?" Mara nyingi swali hilo huulizwa kwa nia njema. Marehemu ameacha nyumba, ameacha shamba, pengine na pikipiki na ng'ombe wawili watatu, na watu wanataka kujua vitu hivyo vinakwenda kwa nani kabla waliotoka mbali hawajapanda mabasi. Mimi swali hilo linanitia hofu, kwa sababu limekuja mapema mno. Katika yote yanayofanywa mtu akishafariki, kurithi ni jambo la mwisho kabisa. Mbele yake kuna kazi nyingi, na familia inayoziruka ndiyo tunayoikuta miaka kumi baadaye kwenye benchi la mahakama, ndugu wa tumbo moja wakiwa hawasalimiani.

Tuanze na neno lenyewe, maana lina upana unaotuponza. Twasema mtoto amerithi macho ya bibi yake. Twasema mwenyekiti mpya amerithi matatizo ya mwenyekiti aliyeondoka. Twasema Juma amerithi jina la babu. Waingereza nao, ambao sheria zetu nyingi za mirathi ziliandikwa kwa lugha yao, wana kitenzi chao, inherit, na wanakitumia kwa upana huohuo: macho, matatizo, ufalme, nyumba. Malkia Elizabeth wa Pili alipofariki tarehe 8 Septemba 2022, mwanawe Charles alikuwa mfalme saa ileile. Hakukuwa na kikao wala siku ya kungoja, kwa kuwa kwa desturi yao kiti cha enzi hakikai wazi hata dakika moja. Macho ya bibi nayo hayangoji, mtoto huzaliwa nayo.

Basi mtu anayelisikia neno kwa namna hiyo hudhani kwamba na nyumba inarithiwa vivyo hivyo: baba kakata roho, nyumba ni yangu. Sivyo. Kati ya pumzi ya mwisho ya marehemu na siku ambayo mtu anaweza kusema "hiki ni changu" kuna nafasi, na nafasi hiyo sheria imeijaza kwa mtu na kwa kazi. Hata huko Uingereza ilibidi wajifunze. Zamani, mtu akifa bila wosia, ardhi yake ilikwenda moja kwa moja kwa mrithi, na kwa kawaida mrithi huyo alikuwa mwana wa kwanza wa kiume. Ni sheria ya mwaka 1897 iliyosema ardhi nayo ipitie kwanza mikononi mwa msimamizi, na sheria ya mwaka 1925 ndiyo iliyofuta upendeleo wa kifungua mimba wa kiume. Nayasema haya kwa sababu wapo wanaoamini kwamba mwana wa kwanza kubeba kila kitu ni siri ya Afrika, imeshuka na mababu na haiguswi. Waingereza waliifuata karne nyingi, kisha wakaiacha kwa sheria ya bunge.

Sasa turudi kwenye kile kikao cha ukoo. Akitajwa mrithi pale, anaweza kuwa mmoja kati ya watu watatu tofauti kabisa, na wote twawaita kwa jina hilohilo.

Wa kwanza ni mrithi wa jina. Kwa Wahaya na kwa Waganda huitwa omusika. Ndiye anayeshika nafasi ya marehemu katika ukoo: ataitwa kwenye vikao, atapokea mahari za mabinti, atahesabiwa kuwa baba wa nyumba. Huko Buganda shughuli ya kumsimika, okwabya olumbe, ni kubwa. Mrithi huvishwa vazi la gome la mti na kukabidhiwa mkuki mbele ya watu wote. Ni heshima ya kweli na sina neno la kuidharau. Ukoo unahitaji mtu wa kuuita pamoja. Lakini sikiliza sheria ya Uganda inasemaje kuhusu mali. Marekebisho ya Sheria ya Mirathi ya mwaka 2022 yamegawa mali ya mtu aliyekufa bila wosia, akiacha mke au mume, watoto, ndugu tegemezi na mrithi wa kimila, hivi: watoto asilimia 75, mjane au mgane asilimia 20, ndugu waliokuwa wakimtegemea asilimia 4. Na yule aliyesimikwa kwa mkuki? Asilimia 1. Ameshika jina la marehemu, na katika kila shilingi mia moja za marehemu, kwa nafasi hiyo, anapata shilingi moja.

Wa pili ni mrithi wa kwenye fomu. Kijana ameajiriwa ana miaka ishirini na mitatu, hajaoa. Kwenye fomu ya kazini, au ya chama cha kuweka na kukopa, kuna mahali pa kujaza jina la mrithi. Anaandika jina la kaka yake. Anaoa, anapata watoto watatu, anahama kitengo, anapandishwa cheo, na fomu imelala palepale kabatini. Siku akifariki, kaka anaitwa ofisini na mjane anaambiwa hatambuliki. Wewe unayenisikiliza ukiwa njiani kwenda kazini, kabla hujaketi kwenye kiti chako leo pita kwa afisa utumishi uulize jina gani limo kwenye fomu yako. Ni kazi ya dakika chache.

Wa tatu ndiye aliyenileta hapa leo: msimamizi wa mirathi.

Tanzania, ukoo hukaa, huandika muhtasari wa kikao, hupendekeza mtu. Mtu huyo huchukua muhtasari na cheti cha kifo kinachotolewa na RITA, wakala wa serikali wa usajili, huenda katika Mahakama ya Mwanzo ya mahali marehemu alipokuwa na makazi yake, hujaza fomu ya maombi. Mahakama hutoa tangazo, ili mwenye pingamizi ajitokeze. Asipojitokeza mtu, au pingamizi likisikilizwa na kushindwa, hakimu humteua. Anapewa hati yenye mhuri. Na hapo, msikilizaji, ndipo balaa linapoingia katika nyumba nyingi. Mtu yule anatoka mahakamani na karatasi yenye nembo ya taifa na jina lake, anaiweka kwenye plastiki, anarudi kijijini, na kuanzia siku hiyo anazungumza kama mwenye mali. Anakusanya kodi za vyumba. Anawaambia wapangaji wamlipe yeye. Anamwambia mama wa watoto, yaani mke wa marehemu kaka yake, atafute pa kwenda. Ukimuuliza anajibu: "Mahakama imenipa." Na majirani wanaamini, kwa kuwa wameuona mhuri.

Mahakama haikumpa mali. Imempa kazi. Hati ile inamruhusu kufanya mambo ambayo marehemu hawezi tena kuyafanya mwenyewe: kukusanya mali yote mahali ilipo, kwenda benki, kudai wanaodaiwa, kulipa wanaodai, na kisha kuwagawia warithi kila mmoja fungu lake. Anaweza hata kuuza kitu pale ambapo deni au mgawanyo unalazimisha, lakini fedha hiyo lazima ionekane kwenye hesabu. Anaweza kuwa mrithi pia, kama ni mtoto au mke wa marehemu, lakini hilo ni jambo jingine. Fungu lake analipata kwa kuwa ni mtoto, halipati kwa kuwa ni msimamizi. Na anaweza asiwe mrithi kabisa. Mjomba anaweza kuteuliwa kusimamia mirathi ya mpwa wake kwa kuwa watu wanamwamini, akafanya kazi yote kwa uaminifu, akaifunga mirathi bila kuondoka na hata kijiko.

Sheria haikumwacha msimamizi afanye apendavyo. Kanuni za usimamizi wa mirathi katika Mahakama za Mwanzo, za mwaka 1971, zinamtaka ndani ya miezi minne tangu kuteuliwa awasilishe mahakamani fomu namba tano, ambayo ni orodha ya mali na madeni ya marehemu, na baadaye fomu namba sita, ambayo ni hesabu ya kilichokusanywa, kilicholipwa na kilichogawiwa kwa nani. Akihitaji muda zaidi ataomba, na mahakama inaweza kumwongezea. Mirathi ikiwa Mahakama Kuu, orodha inatakiwa ndani ya miezi sita na hesabu ndani ya mwaka mmoja. Fomu namba tano na fomu namba sita: naomba kila mjane, kila yatima aliyefikia umri wa kuelewa, ayakumbuke majina haya. Ndizo zinazotenganisha kusimamia na kupora.

Nimesema msimamizi hukusanya na hulipa. Tusipite haraka hapo penye kulipa. Kwenye mazishi yetu, Waislamu kwa Wakristo, msemaji wa familia husimama na kusema kwamba yeyote anayemdai marehemu aifuate familia, na yeyote anayedaiwa na marehemu naye ajitokeze. Desturi hiyo naipenda sana. Inatangaza hadharani, kabla ya yote, kwamba mali ya marehemu ina wenye haki wanaowatangulia warithi. Katika Uislamu mpangilio huo hauna shaka: gharama za maziko, kisha madeni, kisha wosia usiozidi theluthi ya kilichobaki, ndipo warithi. Sheria za kiserikali nazo zinatanguliza madeni. Na hapa niwatulize wengi wanaoogopa: mtoto hamrithi baba yake deni. Deni hulipwa kutoka katika mali ya marehemu, na mali ikiisha, mdai hawezi kumvua mtoto shati lake kwa kuwa tu ni mtoto wa aliyekopa. Mtoto akiamua kulipa kwa kumsitiri mzazi wake, hiyo ni hiari yake.

Baada ya kulipa, au pamoja nako, kuna kutenga. Hili ni zito kuliko linavyoonekana. Kabla hujauliza nani atarithi, lazima ujue marehemu alikuwa na nini hasa. Si kila kilichomo ndani ya uzio ni cha marehemu. Cherehani aliyoinunua mke kwa fedha za mchezo wake na wenzake si mirathi. Shamba ambalo mume na mke walilinunua pamoja, majina mawili kwenye hati, si la marehemu lote. Na je, nyumba iliyoandikwa jina la mume peke yake, ambayo mke aliipikia mafundi, akachota maji ya kuchanganyia saruji, akalea watoto ili mume aende kazini?

Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ilisema katika shauri la talaka kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kupatikana kwa mali ya ndoa. Lilikuwa shauri la walioachana, halikuwa la msiba. Lakini mimi sioni kwa nini mwanamke aliyetengana na mumewe kwa talaka ahesabiwe jasho lake, na aliyetengana naye kwa kifo aambiwe hana jasho. Mtu hawezi kurithi kilicho chake tayari. Fungu la jasho la mjane litolewe kwanza, pembeni, kisha kinachobaki ndicho cha marehemu, na hicho ndicho kinachogawiwa, pamoja naye akiwa mmoja wa wanaogawiwa.

Anagawiwa kiasi gani? Hapo Tanzania hatuna jibu moja, na hili linanisumbua moyo. Tuna milango mitatu. Kwa Mwislamu, hisa zimetajwa katika Qur'ani, sura ya An-Nisaa: mke hupata moja ya nane marehemu akiwa na watoto, moja ya nne akiwa hana, mume hupata robo kukiwa na watoto, nusu wasipokuwapo, na mtoto wa kiume hupata mara mbili ya wa kike. Elimu ya kuzipiga hesabu hisa hizi ni pana, na masheikh wetu wa pwani wameifundisha vizazi kwa vizazi. Kwa asiye Mwislamu ambaye hakuishi kimila, hutumika sheria iliyotungwa India mwaka 1865, enzi za utawala wa Kiingereza, ikavushwa bahari na kuletwa kwetu: mjane theluthi moja, watoto theluthi mbili. Mlango wa tatu ni wa mila, na kwa watu wengi wa vijijini ndio unaofunguliwa kwanza.

Mila hizo ziliandikwa na serikali mwaka 1963, katika tangazo namba 436. Zinawapanga warithi kwa ngazi: mwana wa kwanza wa kiume ngazi ya kwanza, wana wengine wa kiume ngazi ya pili, mabinti ngazi ya tatu. Na mjane? Kanuni ya 27 inasema hana fungu ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake, kama yeye alivyowatunza. Isome tena taratibu kanuni hiyo moyoni. Mwanamke aliyelima shamba miaka thelathini anageuzwa mgeni wa watoto wake. Asiye na watoto, ambaye pengine ndiye mwenye dhiki kubwa zaidi, kanuni hiyo haimwekei hata huo utunzaji.

Wajane wawili, mafundi cherehani, waume zao wakiwa Wasukuma, walikataa. Kila mmoja mumewe alipofariki, ukoo wa mume ulishika mali na kuwatoa nyumbani pamoja na watoto. Wakapeleka kanuni hizo Mahakama Kuu. Mwaka 2006 mahakama ilikiri kwamba kanuni zina ubaguzi, lakini ikakataa kuzifuta, kwa hoja kwamba mila haibadiliki kwa hukumu. Wakakata rufaa. Mwaka 2010 rufaa ikatupwa kwa kasoro ya karatasi. Wakavuka mipaka, wakaifikisha kwenye Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, na mwezi Machi 2015 kamati hiyo ikasema wazi: haki zao zilivunjwa, walipwe fidia, na kanuni hizo zifutwe au zirekebishwe. Wanawake wenye cherehani na watoto wa kulea ndio walioibeba hoja hiyo umbali wote huo. Nikifikiria, naona wametutendea jambo kubwa, na wengi wetu hatuwajui.

Nimefika hapa na siwezi kupita bila kusema juu ya mjane anayerithiwa. Lugha yetu inaweza kulipindua tendo lile: badala ya kurithi, anarithiwa, pamoja na ng'ombe na jembe. Wajaluo upande wa Kenya wanaita tero, na makabila mengi ya huku kwetu yana jina lake. Ilipoanza, nakubali, ilikuwa na busara ndani yake. Mjane na watoto wasiachwe bila mlinzi, bila mtu wa kulima nao. Na hata kanuni za mila za mwaka 1963 zinataka ridhaa yake, haziruhusu avutwe. Kwa Waislamu, sura ileile ya An-Nisaa, aya ya 19, imeharamisha kuwarithi wanawake kwa nguvu; lilikuwa jambo la Waarabu wa kabla ya Uislamu, na likakatazwa karne kumi na nne zilizopita. Sasa mjane anayeambiwa achague, akubali shemeji au aondoke na nguo alizovaa, hajaulizwa kitu. Hiyo si ridhaa. Akipewa fungu lake kwanza, awe na paa lake na shamba lake, kisha aulizwe kama anataka kuishi na shemeji yake, jibu lake hapo ndilo litakuwa la kweli.

Wazee watanijibu, na nimewasikia wakisema kwa uchungu wa kweli: ardhi ya ukoo itapotea. Binti ataolewa mbali, mjane ataolewa tena, na kaburi la babu litabaki katika shamba la mtu baki. Siwadharau kwa hofu hiyo. Ni ya kale sana. Katika Kitabu cha Hesabu, sura ya 27, mabinti watano wa Selofehadi, Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirsa, walisimama mbele ya Musa wakadai fungu la baba yao aliyekufa bila mtoto wa kiume, na wakapewa. Sura chache mbele, ya 36, wazee wa kabila lao wakaja na malalamiko hayohayo ya wazee wetu: wakiolewa nje, ardhi itahama. Suluhisho lililotolewa likawa kwamba waolewe ndani ya kabila. Angalia jambo moja: ardhi waliachiwa. Hofu ya ukoo ilisikilizwa, lakini haikusikilizwa kwa kuwanyang'anya.

Na kwetu jambo hilo limekwisha kuamuliwa zamani. Huko Muleba, mkoani Kagera, bibi mmoja aliachiwa shamba la ukoo na baba yake kwa wosia. Amezeeka, hana wa kumtunza, akaliuza mwaka 1988 kwa shilingi 300,000. Mpwa wake akashtaki: mila ya Kihaya inamruhusu mwanamke kula matunda ya shamba la ukoo, haimruhusu kuuza. Mahakama ya Mwanzo ikampa mpwa ushindi. Mahakama ya Wilaya ikapindua. Kesi ikafika Mahakama Kuu Mwanza, na mwaka 1990 Jaji James Mwalusanya akaamua kwamba tangu hati ya haki za binadamu iingizwe katika Katiba yetu, kanuni inayomzuia mwanamke kuuza na kumruhusu mwanamume wa ukoo uleule kuuza haiwezi kusimama. Mwanamke ana haki ileile, kwa masharti yaleyale. Hukumu hiyo ina zaidi ya miaka thelathini. Bado vipo vikao vya ukoo vinavyoendeshwa kana kwamba haikuandikwa.

Wasikilizaji wetu wa Kenya, nyinyi mna sheria moja ya mirathi iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 1981, huku Waislamu wakiwa na Mahakama za Kadhi. Sheria hiyo inawahesabu watoto bila kuangalia nani wa kike na nani wa kiume. Mwenye wake wengi akifariki bila wosia, mali hugawiwa kwa nyumba kulingana na idadi ya watoto, na kila mjane akihesabiwa kama kichwa kimoja katika nyumba yake. Mwaka 2005 Mahakama ya Rufani ilipindua mgawanyo uliowapa mabinti ekari chache na ndugu zao nyingi. Kwamba binti huenda ataolewa siku moja haikuwa sababu ya kumpunja. Na kifungu cha 45 kinamfanya mtu anayeigusa mali ya marehemu bila idhini ya sheria kuwa mkosaji. Anayechukua simu ya marehemu usiku wa msiba, kwa kuwa anaijua namba ya siri, akahamisha fedha zilizomo, ajue kwamba hilo halihesabiwi kuwa ni jambo la kifamilia.

Wosia ungepunguza mengi ya haya. Watu wetu wanaukwepa kwa kuona ni kujiitia kifo. Kwa sheria za mila za Tanzania, wosia wa mdomo unataka mashahidi wanne, wawili wa ukoo na wawili wa nje. Wa maandishi, kama mwenye kuutoa anajua kusoma na kuandika, unataka wawili, mmoja wa ukoo na mmoja wa nje. Mke naye awepo. Anayeachiwa mali asiwe shahidi. Unaweza kuuandika na kuuhifadhi RITA. Mwislamu asipitishe theluthi, na asiwausie warithi wake, kwa maana hisa zao zimekwisha kutajwa.

Nimalize na wewe uliyeniandikia, na wengine walio katika hali kama yako: baba alifariki zamani, baba mdogo aliteuliwa msimamizi, kodi za vyumba anachukua yeye, na kila ukiuliza anakwambia mirathi haijakwisha. Nenda katika mahakama ileile iliyomteua. Uliza masijala namba ya shauri la mirathi ya baba yako. Ukiwa na jina kamili la marehemu na mwaka, wataitafuta. Omba kuliona jalada, utazame kama fomu namba tano imo na kama fomu namba sita imo. Zisipokuwamo, andika barua kwa hakimu ueleze wewe ni nani kwa marehemu, tangu lini msimamizi ameteuliwa, na kwamba hesabu hazijaletwa. Huhitaji wakili kwa hilo, na kuna vituo vya msaada wa kisheria vinavyoandika barua hizo bila malipo. Hakimu atamwita msimamizi aje aeleze. Akishindwa kueleza, mahakama ina uwezo wa kumwondoa na kumweka mwingine, na mali iliyotumika vibaya anaweza kudaiwa yeye binafsi. Nenda na mama yako kama yu hai, na nenda na ndugu zako wote mnaokubaliana, ili jalada lionyeshe kwamba mnaodai hesabu ni wengi. Chukua nakala ya kila karatasi unayoipeleka, nayo igongwe mhuri wa kupokelewa.